Kinoo cha Maji Kikikugomea: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Juzi kijana mmoja anayejifunza useremala aliweka mbele yangu patasi ya milimita 25. "Fundi, chuma hiki kibovu," akasema. "Nimekinoa asubuhi nzima na bado kinatafuna mbao." Nikaigeuza, nikaulaza mgongo wake juu ya kipande cha kioo, nikaiinua mpaka usawa wa jicho. Katikati ya makali palikuwa pameshikana na kioo, lakini kwenye pembe zote mbili mwanga ulikuwa unapita. Nikamwambia, "Mwanangu, chuma ni kizima. Niletee kinoo chako."

Alipokileta sikuhitaji hata rula. Kilikuwa na bonde ambalo ungeweza kulaza kidole ndani yake.

Kazi yangu ni kutengeneza na kukarabati milango hapa Mji wa Kale, Mombasa, na nimeona vyuma vizuri vikitupwa au kuuzwa kwa bei ya hasara kwa sababu ya jiwe lisilo sawa. Kwa hiyo kabla ya kulaumu kisu, patasi au aliyekuuzia, anza na uso wa kinoo. Nazungumzia vinoo vya maji, vile vilivyotengenezwa kwa punje za oksidi ya alumini au kabidi ya silikoni zilizogandishwa pamoja, vyenye namba kuanzia kama 220 kwa vile vya kukwangua hadi 8000 na zaidi kwa vile vya kung'arisha. King, Naniwa na Shapton kutoka Japani ndivyo vinavyojulikana zaidi. Lile jiwe la kijivu la pande mbili linalouzwa kwenye maduka ya vyuma nalo linaingia humu, mradi halijawahi kuonja mafuta.

Kinoo cha namna hii kimeumbwa kulika. Punje iliyochoka hubanduka, iliyo chini yake hujitokeza ikiwa bado kali, na ndiyo maana kinanoa upesi kuliko jiwe gumu la mafuta. Bonde litatokea tu, hata kinoo kiwe ghali namna gani.

Dalili: katikati ya makali kunakata, pembe hazigusi mbao

Ukipiga randa ukaona inachimba mfereji katikati na kuacha pembeni bila kugusa, au patasi ikakataa kutulia sawa unapokwangua, chanzo karibu kila mara ni bonde. Chuma kipana kikiwekwa juu ya jiwe lenye bonde huanza kugusa kwenye pembe, pembe hulika kwanza, katikati hubaki imetokeza. Yaani chuma huchukua umbo la jiwe, kinyume chake. Mgongo wa patasi huharibika vivyo hivyo, na hasara yake ni kubwa zaidi, kwa sababu kuunyoosha tena mgongo ulioviringika ni kazi ya saa nzima au zaidi.

Pima hivi. Futa maji juu ya kinoo. Simamisha rula ya chuma kwa ubavu wake juu ya jiwe, kisha vyote viwili viinue uelekee dirishani. Pima kwa urefu, pima kwa upana, halafu pembe kwa pembe mara mbili. Usiruke hii ya mwisho, maana jiwe lililojipinda linaweza kuonekana zuri kwa urefu na kwa upana, likaumbuka pembe kwa pembe. Ukiona mwanga katikati, chukua karatasi ya kawaida ya kuchapia. Unene wake ni karibu milimita 0.1. Ikipita chini ya rula bila kukwama, kinoo hicho hakifai tena patasi wala chuma cha randa mpaka kisawazishwe.

Kwa kisu cha jikoni nina msimamo wa upole zaidi. Mama anayepara changu na kukata nguru vipande anaweza kuendelea na jiwe lenye kabonde kadogo, kwa sababu kisu kina tumbo na hugusa sehemu ndogo tu ya jiwe kwa wakati mmoja. Lakini bonde likizidi, kila kisu kinapofika mwisho wa jiwe hupanda mteremko, pembe uliyoishika inabadilika, na makali yanazidi kuwa manene. Hapo ndipo utasikia mtu akisema kisu kinanolewa kila siku na hakikai.

Kuna dalili moja inayofanana na hii ambayo si kosa la jiwe. Ukiweka makali ya kisu juu ya ubao ulionyooka ukaona uwazi karibu na mpini, kisu hicho kimelika mahali pamoja. Ni mkono wako unaokandamiza zaidi pale karibu unaposhika. Sawazisha mkono.

Sasa dawa ya bonde. Nenda kwa fundi wa vioo umwombe kipande kilichobaki chenye unene wa milimita 8 au 10, kikubwa kuliko kinoo. Nunua msasa wa maji, ule mweusi wanaotumia wapaka rangi wa magari. Kwa kinoo cha namba 1000 na vilivyo chini yake mimi hutumia msasa namba 220, ambao punje zake ni kama maikroni 68 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Kwa kinoo cha 3000 kwenda juu natumia namba 400, wenye punje za maikroni 35 hivi. Usijaribu kulinganisha namba ya msasa na namba ya kinoo moja kwa moja. Havifuati kipimo kimoja.

Weka kioo mahali tambarare, juu ya kitambaa chenye majimaji ili kisiteleze. Mwaga maji juu ya kioo, laza msasa, uutandaze kwa kiganja mpaka maji yaushike. Chukua penseli, chora mistari ya kukatana juu ya kinoo kama madirisha ya daftari la hesabu. Kigeuze uso chini, shika ubavuni na chini kabisa karibu na msasa, kisha sukuma kwa mwendo wa namba nane. Usikandamize, uzito wa jiwe na viganja unatosha. Kila baada ya misukumo ishirini hivi, geuza kinoo mbele iwe nyuma, kwa sababu mkono unaosukuma huwa na uzito kuliko unaoongoza. Ongeza maji, tope lisigande.

Sikiliza pia. Mwanzo sauti ni ya kukwaruza na inakatika, kwa kuwa jiwe linagusa kwenye kingo tu. Bonde likikaribia kwisha sauti inakuwa moja, ndefu, na utahisi jiwe linaanza kunyonywa na msasa. Likinyonywa hasa, hasa hivi vya namba kubwa, usilinyanyue juu kwa nguvu. Litelezeshe pembeni mpaka litoke ukingoni.

Penseli hufutika kwanza pembezoni. Alama ya katikati hubaki kama kisiwa, kila ukitazama imepungua kidogo. Wengi hukoma hapo, ikiwa imebaki kama punje ya mchele, kwa kuona wamechoka na jiwe limeliwa vya kutosha. Usikome. Ikifutika, chora upya mistari yote na usugue mara chache tu. Ikitoweka yote kwa pamoja, umefika. Malizia kwa kuzungusha kingo zote za juu kwa mteremko mdogo wa milimita 2, ili zisimeguke na kuacha vipande chini ya chuma.

Kama mfuko unaruhusu, bamba la almasi, yaani bamba la chuma lililogandishwa punje za almasi, hufanya kazi hii kwa dakika chache na hudumu miaka. Ila usilitumie kwa kinoo cha kukwangua cha namba 220. Punje kubwa za jiwe hilo huzing'oa almasi, na bamba huisha kabla ya wakati wake. Hicho kiachie msasa.

Najua wengi wetu tumekua tukiona visu vikinolewa kwenye ukingo wa baraza, na kuna mabaraza hapa mjini yenye mashimo laini kama kiganja kwa visu vya mababu. Usisawazishie kinoo hapo. Simenti si tambarare ingawa macho yanaiona hivyo, na inatema mchanga unaoingia kwenye jiwe. Taili ya sakafu inaweza kufaa, lakini ipime kwa rula kwanza. Nyingi zina tumbo kidogo.

Dalili: nimesawazisha, lakini sasa kinoo kinacheza juu ya kioo

Umetoka bondeni ukaingia kilimani. Jiwe sasa limetuna katikati, na rula ikiwekwa juu yake inazunguka kama pia.

Huenda msasa ulijikunja kingoni ukala pembe za jiwe. Huenda kioo ni chembamba na kimepinda kufuata meza. Au ulikuwa unabembea mkono, ukishusha mbele unaposukuma na kushusha nyuma unapovuta. Hizi hurekebishika kwa kurudia polepole.

Kubwa kuliko zote ni kusugua vinoo viwili kimoja kwa kingine. Watu hufundishana kwamba hiyo inatosha, na mimi nilifundishwa hivyo. Haitoshi. Mawe mawili yanayosuguana hupatana, lakini yanaweza kupatana kama kikombe na yai, moja likiwa na bonde na jingine tumbo, na ukiyabandika pamoja huoni hata uzi wa mwanga. Dawa ni jiwe la tatu. La kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, kwa zamu, mara nyingi. Mawe matatu hayawezi kupatana yote isipokuwa yawe tambarare. Mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth aliieleza njia hii ya nyuso tatu mwaka 1840 kwa ajili ya vyuma vya mashine, na ndiyo iliyowawezesha mafundi kupata uso ulionyooka bila kuwa na uso mwingine ulionyooka wa kuigizia. Mawe hayo yawe ya namba moja, au usafishe vizuri baadaye.

Dalili: chuma kinateleza tu, hakishiki

Dondosha tone la maji juu ya kinoo kikavu. Likisimama kama lulu bila kuzama, kuna mafuta. Kisugue kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, rudia siku mbili tatu, kisha uondoe uso wa juu kwa msasa. Kama jiwe lilizoeshwa mafuta kwa miaka, liache liendelee na mafuta yake. Sijaona la namna hiyo likirudi kuwa la maji kikamilifu.

Tone likizama mara moja, jiwe lina kiu. Kinoo cha kulowekwa kizamishe kwenye beseni mpaka mapovu yakome, ambayo kwa namba 1000 ni kama dakika 10 hadi 15. Kisichotoa mapovu hakihitaji kulowekwa. Kinyunyizie maji juu wakati wa kazi, basi.

Ikiwa uso umekuwa mweusi na unang'aa kama chungu cha zamani, vitundu vimejaa chuma. Usugue kwa kipande kidogo cha kinoo cha namba ileile mpaka tope jipya litokee. Na tope hilo usiliondoe kila baada ya dakika. Nawaona vijana wanaosuuza jiwe kama wanasuuza mchele; tope ndilo linalonoa. Likiwa jeusi maana yake chuma kinaondoka. Likikauka, matone mawili ya maji yanatosha.

Na huenda jiwe halina kosa lolote. Patasi iliyomeguka ukiipeleka kwenye namba 6000 itateleza mpaka magharibi. Anza chini.

Dalili: mikwaruzo mirefu inayoonekana kwenye makali yaliyokuwa yanang'aa

Punje ngeni imepanda juu ya kinoo laini. Imetoka kwenye jiwe la kukwangua, kwenye msasa uliotumia kusawazisha, au ni mchanga uliokuja na upepo. Mji wetu una mchanga kila mahali, hata kwenye mikunjo ya kikoi. Osha kinoo, chuma, mikono hadi kwenye kucha, kisha badilisha maji. Usiloweke namba 220 na namba 6000 kwenye beseni moja, hata kwa dakika tano. Mikwaruzo ikiendelea mahali palepale, punje imejikita. Ondoa uso kwa msasa namba 400.

Dalili: madoa ya kahawia, ukungu, harufu ya maji yaliyolala

Hili ni letu hasa, watu wa pwani.

Mfereji ukikauka, na hukauka, tunachota kisimani. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Kwa kufulia vumilia, kwa kinoo hapana. Ijumaa moja nilinoa chuma cha randa kwa maji ya kisima, nikakiacha juu ya jiwe nikaenda msikitini. Niliporudi, makali yalikuwa na mstari wa rangi ya chai, na juu ya kinoo palibaki umbo la chuma kile, pembe zake zote nne, kama kimepigwa muhuri. Chumvi ilikuwa imefanya kazi yake kwa muda wa hotuba na sala. Tumia maji ya pepo, yawe ya mvua au ya mfereji yanayotoka chemchemi za Mzima au visima vya Baricho. Lita moja inatosha kazi ya siku. Weka dumu dogo la akiba kwa ajili ya kinoo peke yake.

Madoa ya kahawia juu ya jiwe ni chembe za chuma zilizobaki vitunduni zikashika kutu. Hayadhuru kitu, hutoka kwa kusawazisha. Ukungu nao huja kwa kulifunika jiwe likiwa bichi, ndani ya mkebe au kisanduku chake, hasa miezi ya masika ambapo hata mkate haukai siku mbili. Sugua kwa brashi na maji safi, kausha vizuri kabla ya kulihifadhi. Kalamu mbili za mbao chini ya jiwe, lisimame kwa ubavu kivulini penye upepo, siku nzima au mbili. Hapo ndipo kinoo hukauka pande zote kwa pamoja.

Chuma chenyewe kifute, ukipake mafuta ya cherehani kidogo. Mafuta ya nazi yanafaa kwa siku chache, lakini yakikaa huchacha na kunata. Na siku ya kunoa tena, yafute kabla chuma hakijagusa jiwe.

Dalili: jiwe limekuwa laini kama chaki, au limeshika nyufa

Jiwe linalotoa tope jingi kuliko kawaida na kuchimbika kila ncha ya kisu ikigusa limekaa majini kupita kiasi. Vinoo vilivyochomwa tanuruni vinaweza kuvumilia kuloweshwa muda mrefu. Vilivyogandishwa kwa magnesia, kama Naniwa Professional ambavyo zamani viliitwa Chosera, maji huvila gundi yake taratibu, halafu vikikauka hupasuka. Kama hujui chako ni cha aina gani, kitoe majini kila umalizapo kazi.

Ufa mwingine hutoka juani. Kinoo changu cha kwanza cha namba 1000 nilikianika juu ya bati, mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, ili kikauke upesi. Nje kilikauka ndani kikiwa bado kimejaa maji. Nikiwa chini naswali rakaa za mwisho za adhuhuri nilisikia mlio mmoja mkavu, na nilipopanda nilikikuta na ufa kutoka ukingo hadi ukingo. Kilinigharimu akiba ya miezi, na iliniuma sana. Tangu siku hiyo hakuna jiwe langu linaloona jua.

Ufa mwembamba ambao ukucha haukwami unaweza kuutumia. Ukucha ukikwama, paka gundi ya epoksi ubavuni na chini, kisha libandike jiwe juu ya taili au kioo. Usilibandike juu ya mbao tupu, mbao hunywa maji ikatanuka na kuufungua ufa.

Dalili: kinoo kimekwisha wembamba

Kikifika milimita 8 hivi kitavunjika mkononi unapokandamiza, kwa hiyo kibandike mapema juu ya kioo kwa njia hiyohiyo, na kitakutumikia mpaka kibaki kama biskuti.

Vipande vilivyovunjika usivitupe. Kwa patasi za nakshi zenye makali ya mviringo, zile tunazochongea maua ya kizingiti, jiwe tambarare halitoshi. Chukua kipande, kizungushie ukingo kwenye msasa mpaka uingie sawasawa ndani ya mkunjo wa patasi. Hicho ni cha kunolea upande wa ndani. Kingine funga msasa kwenye kijiti chenye unene wa patasi hiyo, ukisugue mpaka kipate mfereji, na mgongo wa mviringo utalala humo bila kubembea. Andika kwa penseli ubavuni ni cha patasi ipi.